Alisema Mayi, Hakusema Mayai

Uvumilivu wangu uliniishia Jumanne, kwenye kilio cha mzee mmoja hapa Juru, nikiwa nimeshika kikombe cha chai ambacho sikuwa nimekinywa hata tone. Mzee alikuwa amezikwa Jumapili. Habari za kifo chake nilizipata kwenye foleni ya bomba, mahali ambapo sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hupata habari kabla ya kupata maji: alilala mzima, asubuhi jirani akaona baiskeli bado imeegemea ukuta, akajua kuna neno, kwa sababu baiskeli ile haikuwahi kukutwa nyumbani jua likishatoka. Basi Jumanne tukakaa chini ya turubai, tukaimba, mchungaji akasema mwenye neno la kumkumbuka marehemu asimame. Akasimama mwalimu wa michezo wa shule yetu. Akasafisha koo, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda-Kinyankore ambacho siku nyingine hunichekesha: "Huyu mzee alikuwa rafiki yangu sana. Mimi na yeye ndiyo nafundisha hii watoto kunywa maji. Banange, nani sasa natafundisha watoto?" Akatoa hata kitambaa. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikasema, na sikusema kwa sauti ya kilioni: "Mwalimu, kaa chini. Maji ya marehemu wewe ndiye uliyeyamwaga."

Mama mmoja akanivuta kitenge. Mchungaji akaanzisha wimbo ambao hakuna aliyeujua, akauimba peke yake beti mbili. Mwalimu akatii, akakaa, lakini hakuangalia nyuma, akakalia sinia la mandazi. Tangu siku hiyo nimepigiwa simu na watu wanaojua adabu kuliko mimi, wakaniambia kwamba mfiwa hasumbuliwi, na kilio si mahakama. Nimekubali. Nimekwenda kwa familia nimeomba radhi, na mjane wa mzee akanijibu, "Si kitu mama, hata mimi nilikuwa natafuta nguvu ya kusimama." Sasa naomba wasomaji wa safu hii mnipe nafasi nieleze, taratibu, hasira hii imetoka wapi. Majina sitayataja. Marehemu hakupenda kutajwatajwa, na mwalimu kwa sasa hatapenda.

Sikuwa ndugu yake, wala siwezi kujiita rafiki. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa kutoka upande wa Uvira, Kongo, mwembamba kama spoki alizokuwa akinyoosha. Alisema ujanani alikimbia mbio ndefu. Hakuna kati yetu aliyemwona akikimbia, ila ukimwona anavyopanda kilima bila kuhema uliamini. Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watoto wa Juru, wa Kongo, wa Burundi, wa wenyeji, yeyote mwenye miguu, akawatoa mbio kwenye barabara ya vumbi, na yeye nyuma yao kwa baiskeli. Kwenye keria alifunga dumu la njano kwa mpira wa tairi, na kikombe cha plastiki kikaning'inia pembeni kikigonga dumu, ko, ko, ko, kiasi kwamba mtu aliye ndani ya nyumba alijua mzee anapita. Kila baada ya kipande cha njia alisimamisha watoto wote, mafunda mawili matatu kila mmoja, kisha mbio tena. Hakuna aliyemlipa. Wengine walimcheka, wakasema mzee mzima amekosa kazi, ananywesha watoto wa watu kama ndama.

Mimi nilianza kwa kumchukia. Siku ya kwanza aliyonisemesha ilikuwa hapo hapo bombani, na foleni ilikuwa na shemasi wetu, wakwe wa jirani yangu, na vijana wale wa bodaboda wasiokosa la kusema. Mzee akanikaribia kwa heshima zote, akavua kofia, akamwangalia binti yangu wa kwanza, wakati huo ana miaka tisa, akaniuliza: "Mama, huyu mutoto leo alikojoa rangi gani?"

Nikadhani sijasikia vizuri. "Papa, huna haya? Unauliza mkojo wa mtoto wa watu?"

"Haya ya nini? Weye si unapika chai kila siku? Mukojo ikiwa kama chai ya mwisho wa mwezi, ile majani imekwisha, iko sawa. Ikiwa kama chai ya harusi, mutoto ana kiu. Ikiwa kama kahawa, piga mbio kwa munganga."

Kabla sijamfunga mdomo, binti yangu akajibu kwa sauti ya darasani: "Ya harusi!" Foleni ikaangua kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga vigelegele, akauliza bwana harusi ni nani. Nikabeba dumu langu, nikaondoka bila kuaga, na njia nzima nikawa namtukana yule mzee moyoni. Nyumbani nikampa mtoto kikombe cha maji nimalize ubishi. Akanywa. Akaomba cha pili. Akaomba cha tatu, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata tabu, maana mtoto alikuwa na kiu tangu asubuhi, ametoka shule kwa mguu na jua lote lile, na mimi mama yake niliyemzaa sikujua. Sikuwahi kumuuliza. Mtoto akisema njaa namsikia. Kiu, mtoto hasemi, anakuwa mkali tu, kichwa kinamuuma, unamchapa kwa ukaidi kumbe amekauka.

Wiki iliyofuata nikamwendea mwenyewe na swali, na akanijibu kwa swali. Nilikuwa nanyonyesha mtoto wangu wa pili, wa miezi miwili. "Na weye? Huyu ananyonya mayi yako. Yako unakunywa saa ngapi?" Nikahesabu. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai nusu kikombe, iliyopoa. Akaniambia kila nikikaa kunyonyesha niwe na kikombe changu pembeni, na nisimpe mchanga hata kijiko cha maji, "huyo miezi sita ni titi tu, mayi yake iko mu maziwa yako." Alijua vitu hivi kuliko sisi tuliokaa darasani hadi kidato cha nne tukachora figo kwa penseli, tukaweka na rangi.

Sasa hilo neno, mayi. Kwa sisi Wakongo wa Kivu, maji ni mayi. Hakuna ajabu. Ila mzee alipenda kuliita mara mbili, kwa nguvu, akiwa juu ya baiskeli: "Mayi! Mayi!" Na mtu wa Kivu akisikia neno hilo mara mbili kwa kelele hafikirii kikombe, anafikiria watu wa msituni wenye bunduki wanaojiita hivyo. Jumamosi ya kwanza alipopita kwenye nyumba za watu waliokuwa wamefika majuzi, mama mmoja aliacha maharage motoni akaingia shambani akitambaa kwa tumbo. Mzee alikwenda kumwomba msamaha na kikombe mkononi, na tangu siku hiyo akawa anaita mara moja tu, kisha anakohoa, ndipo anaita tena.

Chakula nacho alikuwa na sheria zake, na hakuna hata moja iliyohitaji kichupa cha dukani chenye picha ya radi. Asubuhi ya mbio, uji wa mtama au wa mahindi, mapema, tumbo lipate muda wa kuufanyia kazi, na ndizi mbivu kama ipo. Baada ya mbio, viazi vitamu na maharage, na maziwa kwa anayeyapata. Kitu ambacho hujawahi kula usikijaribu siku ya mbio. Maji kidogo kidogo siku nzima, na siyo dumu zima kwa mara moja, maana kujijaza maji kupita kiasi nako kunaangusha mtu. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu visiwe na kilima, na apelekwe kwa mganga, yaani daktari. Hayo aliwaambia Wakongo, Warundi, wenyeji, na hata watu wa mjini.

Maana nilishuhudia mwenyewe, Mbarara. Nilikuwa nimekwenda kuchukua sabuni za jumla, nikamkuta kwenye duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu anayeuza tairi na minyororo ya baiskeli. Ramadhani ilikuwa imeingia, na yule bwana alikuwa analalamika kwamba kijana wake, mcheza mpira, anafika alasiri amekunja uso, kichwa kinamuuma, mazoezi hayafai. Mzee wangu akaweka chini mnyororo aliokuwa akiukagua. Akaanza: daku usiiruke, na usile vya chumvi nyingi, kula uji, maharage, tunda, kunywa kidogo kidogo toka kufuturu mpaka kulala, usimimine yote kwa pamoja, mazoezi yasogezwe karibu na futari.

Mwenye duka akamtazama, akatazama na Biblia ndogo iliyochungulia mfukoni mwa shati. "Mzee, wewe mtu wa kanisa, leo unanifundisha mimi daku?"

"Hapana, Haji. Dini sifundishe. Mimi ninafundisha kibofu. Kibofu haina dini."

Haji alicheka hadi akashika rundo la tairi asianguke. Tulitoka pale na fuko la tende la bure, na mzee hakula hata moja, zote ziligawiwa Jumamosi. Aliponiona nacheka njiani akaniambia kwa umakini kabisa kwamba tende ni kitu kizuri sana kwa mkimbiaji, na kwamba Waprotestanti tumechelewa.

Sasa nifike kwenye mayai. Mwaka juzi shule ilitangaza mashindano makubwa ya riadha, wageni waalikwe, wazazi waje. Mwalimu wa michezo alikuwa mgeni kazini, akasikia kuna mzee anayejua mambo ya kukimbia, akamwita ofisini ampe ushauri. Hilo lilikuwa jambo jema na nalitaja ili nisionekane nina chuki. Mzee akampa ushauri kwa sentensi moja, akasema kwa Kiswahili chetu: "Batoto bakunywe mayi mbele ya mbio." Sisi tunaelewa: watoto wanywe maji kabla ya mbio. Mbele ya, kwetu, ni kabla. Lakini mwalimu ni Mnyankore aliyejifunzia Kiswahili kwa kaka yake mwanajeshi, na kaka yake, kama alivyoeleza baadaye, alikuwa akipasua mayai mabichi asubuhi na kuyanywa apate nguvu. Kwa hiyo mwalimu aliandika kwenye daftari lake, tena akapiga mstari: wanywe mayai, mbele ya mbio, yaani pale mbele, wageni waone.

Barua ikaja nyumbani kwa kila mzazi. Kila mkimbiaji aje na mayai mawili mabichi. Mnajua yai ni nini kwa familia ya Juru? Tulihangaika. Kuna mama aliyekaa amechuchumaa nyuma ya kuku wake tangu alfajiri akimsemesha kama mkunga. Siku ikafika, watoto wakapangwa mstari mbele ya wageni, mwalimu akapuliza filimbi, na watoto thelathini na kitu wakapasua mayai, wakainamisha vichwa nyuma, wakayamimina kooni. Bila tone la maji. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni mila ya Kongo. Ndipo nikasikia ko, ko, ko, mzee anaingia na dumu lake, akashuka kabla baiskeli haijasimama.

"Bwana mwalimu! Hii ni nini?"

"Si wewe nasema? Mayai!"

"Mayi! Mimi nilisema mayi!"

"Ndiyo, ssebo, mayai!"

"Ya kunywa!"

"Angalia, yote nakunywa! Hakuna hata mmoja nabakisha!"

Mzee akatua dumu chini, akalipiga kofi. "MAYI!" Mwalimu akatazama dumu, akatazama daftari, na nikaona kwenye uso wake mtu anayeelewa jambo mbele ya wageni rasmi. Lakini filimbi ya pili ilikuwa imeshapulizwa na watoto walishaondoka. Kwenye kona ya kwanza walianza kutapika, mmoja, watatu, halafu wote, kwa zamu kama waimbaji wa kwaya. Aliyeshinda ni binti yangu, kwa sababu ni mtoto wa mama yake: alikuwa amejifanya kunywa, akaficha mayai mfukoni aniletee nyumbani. Moja lilifika zima.

Tulicheka miezi. Kosa lenyewe halikuwa dhambi, mtu yeyote angeweza kusikia vibaya, na mzee alicheka kuliko wote. Aliyeshindwa kucheka ni mwalimu. Watoto walimwita Mayai sokoni, wakajificha. Angeweza kusema "nilisikia vibaya, jamani," tukaisha. Badala yake alichapa tangazo, akalipigilia misumari kwenye mlango wa ofisi ya walimu: kuanzia leo mwanariadha haruhusiwi kula wala kunywa kitu chochote siku ya mbio. Tukimuuliza sababu, anasema maji yanaleta kichomi. Yaani kwa kuwa yeye alikosea yai, watoto wakaadhibiwa maji.

Na watoto wakaadhibiwa kweli. Muhula uliopita walikimbia Kabingo, dhidi ya shule nyingine. Mbio zilichelewa, wageni wakingojewa, na watoto wakaanza saa saba, jua liko utosini. Binti yangu sasa ana miaka kumi na mmoja. Alikuwa hajanywa kitu tangu asubuhi kwa sababu ya tangazo, na mimi, niseme ukweli unaoniuma, nilimwambia amtii mwalimu. Mzee alikuwa amepanda baiskeli njia yote ile na dumu lake, akajipanga pembeni ya barabara, kikombe tayari. Mwalimu akamwendea. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, niliona na nilisikia. "Mzee, wewe nataka tena kuniaibisha?" Mzee akasema, "Mwalimu, batoto banakauka. Nipatie hata fasi ndogo, nisimame huko mbali." Mwalimu akafungua kifuniko cha dumu, akaliinamisha kwa mguu. Maji yakatoka, gu, gu, gu, yakaenda kwenye vumbi. Mzee hakumgusa. Aliangalia maji yanavyoingia ardhini kama mtu anayesoma barua mbaya.

Mtoto wangu alianguka kabla ya mzunguko wa mwisho. Hakujikwaa. Miguu ilikunjika tu, kama kitenge kinachodondoka kutoka kwenye kamba. Nilipofika hakunitambua. Naomba kila mama anayesoma hapa asipate kamwe kutazamwa na mtoto wake kwa macho yale, kana kwamba wewe ni mpita njia. Mzee alikuwa ameshafika kabla yangu. Tukambeba hadi kwenye kivuli cha ukuta wa jiko la shule, akamlegeza nguo, akaomba maji kwa mpishi, akaloweka shati lake mwenyewe akamfunika shingoni na makwapani, akampepea kwa kofia. Nilitaka kumnywesha mara moja, akanishika mkono: "Bado. Aamuke kwanza, ameze mwenyewe." Alipofungua macho na kuniita, ndipo akampa kwa kijiko, taratibu, kijiko baada ya kijiko, huku mtu anatafuta pikipiki ya kutupeleka kituo cha afya. Muuguzi alisema tulichokuwa tunakijua: joto, na mwili mkavu. Alipona. Jioni aliuliza alikuwa wa ngapi.

Mimi nilitaka kurudi nikamshike mwalimu shati. Nilishavua kandambili. Mzee akakaa mlangoni pa kituo cha afya, kifua wazi kwa kuwa shati lake lilikuwa kwa mwanangu, akaniambia: "Usimupige mwalimu. Mupige barua." Nikasema nitaandika. Kesho yake kulikuwa na nguo za kufua. Wiki iliyofuata mdogo aliota magego. Kisha palizi, kisha sabuni zangu ziliisha nikaenda Mbarara. Kila aliponikuta aliuliza, "Barua?" nami nikasema, "Kesho, Papa." Sasa yuko kaburini, na mtu aliyemwaga dumu lake anasimama kwenye kilio chake anapokea pole. Sehemu ya kelele nilizopiga Jumanne, wasomaji wangu, nilikuwa najipigia mwenyewe.

Nimejiuliza kwa nini hatukumsikia. Nadhani ni kwa sababu ushauri wake ulikuwa wa bure na ulitoka kwenye mdomo uliosema mayi na fasi na batoto. Mtu akija na gari, fulana yenye maandishi na chupa ya rangi ya bluu, tunakaa chini na daftari. Fundi wa baiskeli akisema jambo lile lile kwa Kiswahili cha Uvira, tunacheka matamshi. Wenyeji wanatucheka sisi, sisi tunawacheka wao wanaosema "watoto nakunywa", na katikati ya kucheka huko kuna mtoto ana kiu. Vijana wetu wa mpira sasa wananunua vichupa vya kuongeza nguvu, moyo unawadunda kama ngoma, na mtungi nyumbani umejaa maji yaliyochemshwa hakuna anayeugusa. Na sisi akina mama tunanywa wa mwisho, kama tunavyokula wa mwisho, halafu tunashangaa kichwa kinauma kila alasiri na tunamlaumu mume. Wengine humlaumu kwa haki, lakini jaribu kwanza kikombe cha maji.

Mwisho wa mwezi huu binti yangu anakimbia Mbarara. Amechaguliwa, na anataka, siwezi kumzuia wala sitaki. Tangazo bado liko mlangoni, misumari minne. Na safari hii hakuna mzee pembeni ya barabara.

Kwa hiyo Alhamisi niliandika. Nilikwenda kwanza kwenye sanduku la maoni la shule, nikakuta nyigu wamejenga ndani na ufunguo anao mwalimu wa michezo. Nikaenda moja kwa moja kwa karani. Akaisoma juu juu, akanirudishia. "Nyabo, hii ni Kiswahili. Ofisi natumia Kingereza."

"Dada, mtoto alipoanguka Kabingo alianguka kwa Kiingereza?"

Akafungua droo. "Kare, lete," akasema, akapiga muhuri nakala zote mbili, na ya kwangu iko mbele yangu. Inasema hivi:

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Shule.

Yah: Malalamiko dhidi ya katazo la wanariadha kunywa maji.

Mimi ni mzazi wa msichana aliyeanguka kwenye mbio za Kabingo muhula uliopita. Barua hii imechelewa na kosa la kuchelewa ni langu.

Nalalamika kwamba siku hiyo watoto walizuiwa kunywa maji kwa amri iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi yenu, na kwamba mwalimu wa michezo alimwaga maji yaliyoletwa na mzee aliyejitolea, mbele ya macho yangu. Mashahidi ninao, akiwemo mpishi wa shule ya Kabingo. Karatasi ya kituo cha afya nimeiambatanisha.

Naomba tangazo hilo liondolewe kabla ya safari ya Mbarara. Naomba watoto wapate uji mapema asubuhi, wapate maji kabla ya mbio, njiani na baada ya mbio, na zisianze mchana jua likiwa kali. Ndoo, vikombe na maji yaliyochemshwa tutaleta sisi wazazi; kumi na wawili tumeshajiandikisha nyuma ya barua hii. Naomba pia mwalimu aende kwa mjane wa marehemu akaseme alichokifanya, akiwa amekaa naye, bila umati.

Sijaomba afukuzwe. Ni mwalimu anayefika kazini kila siku, na watoto wanampenda zaidi ya anavyojua. Ila kama Kamati itaona amri yake ni ya haki na ibaki, basi naomba naye aifuate: achague siku yoyote, asinywe kitu tangu asubuhi, akimbie saa saba mchana njia ile ile waliyokimbia watoto. Mimi nitasimama kwenye mzunguko wa mwisho na kikombe. Akiniomba, nitampa.